Amri ya Kupanga Kijitabu cha Baba

Mimi ni mtu wa kupoteza wiki tatu ili niokoe nusu dakika. Majirani zangu hapa mtaa wa Pioneer wana kuku, wana bodaboda walizowapa watu waendeshe. Mimi nina amri. Nimeziandika mwenyewe ndani ya programu yangu ya kuandikia. Nikibonyeza kitufe kimoja, maandishi yanahifadhiwa, nakala yake inachukuliwa ikapangwe kurasa kule nyuma, na mimi naendelea kuandika bila kusubiri. Nikibonyeza kingine, mambo ni yaleyale, ila kurasa zikiwa tayari zinajipeleka zenyewe kwenye printa. Nikiwaeleza watu raha ya jambo hili, wananiuliza kama nimekula.

Kazi inayonilisha ni tasnifu za wanafunzi wa chuo cha Chepkoilel, na shida ya wateja wangu ni kwamba hawaamini kazi wasiyoiona. Mtu anakaa nyuma yangu, anaona skrini imetulia, anaanza kukohoa. Kwake kompyuta inayofanya kazi ni ile inayozungusha kiduara. Kwa ajili yao niliwahi kuandika amri isiyo na faida yoyote duniani: ilichora mstari unaojaa polepole, na chini yake maneno "Tafadhali subiri". Waliipenda kuliko zote. Baadaye nikaona aibu, nikaifuta. Mtu lazima awe na msimamo.

Ndipo Baba akafariki.

Baba alikuja Eldoret kutoka upande wa ziwa, akafanya kazi kiwandani, akanunua shamba Chepsaita, nje ya mji, akasema atazikwa hapohapo. Mdogo wake alijiteua mwenyekiti wa kamati ya mazishi kabla kamati haijaundwa. Kwetu mazishi bila kamati ni aibu, na kamati isiyo na kijitabu ni kelele tu. Kijitabu kina picha za rangi, ratiba, na wasifu wa marehemu, na si lazima wasifu ufanane na marehemu. Ukisoma vijitabu vyetu utadhani mji huu haujawahi kuzika mtu mwenye hasira. Wote walikuwa wacha Mungu, wapenda amani na washauri wa wengi, hata yule jirani yetu aliyewarushia mawe watoto wa Sunday school.

Mama aliomba sentensi moja tu. "Kila asubuhi alimpikia mke wake chai, akampelekea kitandani." Akaniambia niiandike vivyo hivyo, nisipambe.

"Hayo mengine yote ni ya kamati," alisema. "Hii ni yangu."

Niliiweka mara baada ya kamati zote alizowahi kuhudumia Baba, ambazo zilikuwa nyingi kuliko nilivyojua.

Alasiri, siku moja kabla ya mazishi, Baba Mdogo alikuja sebuleni kukagua. Alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama picha, akatafuta zile zenye sura yake, akaridhika.

"Iko sawa. Print."

Nikabonyeza kile kitufe cha pili. Picha zilikuwa nzito, kwa hiyo kupanga kurasa kungechukua muda. Skrini ikatulia kama kawaida yake, maandishi yakiwa palepale.

"Mbona haifanyi kitu?"

"Inafanya, Baba Mdogo. Inafanya kule nyuma."

Aliinama akatazama nyuma ya kompyuta. Sitanii, aliinama kabisa, na tai yake ikaingia kwenye nyaya.

"Huku hakuna kitu. Sasa kwa vile haijaanza, hapa kwa jina yangu weka Engineer."

Baba Mdogo huuza pampu za maji. Nikamwekea. Kisha kidole chake kikashuka, kikasimama.

"Na hii ya chai ni nini? Ndugu yangu, jikoni? Mbele ya wazee na mheshimiwa MCA? Hiyo toa."

Nilimtazama Mama. Alikuwa kwenye kochi, macho kwenye zulia. Mjane kwetu huambiwa apumzike, na maana yake ni kwamba anyamaze. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Ningeweza kubishana. Ningeweza pia kumweleza kwamba nakala ilichukuliwa nilipobonyeza kitufe, na chochote tunachobadilisha sasa hakitafika kwenye karatasi mpaka nibonyeze tena. Miaka yote nimekuwa nikiwaeleza watu jambo hilo, na siku hiyo nilichoka kueleza. Niliifuta sentensi mbele ya macho yake, neno kwa neno, polepole, aone vizuri. Sikubonyeza tena.

Printa ikaanza kunguruma.

"Unaona?" alisema. "Hizi vitu zinataka tu supervision."

Vijitabu vilipokwisha alivibeba mwenyewe hadi kwenye gari lake. Hakufungua hata kimoja, kwa kuwa alikuwa ameshaona.

Kesho yake, kule Chepsaita, alimnyima pasta nafasi ya kusoma wasifu, akausoma yeye. Alizisoma zile kamati kwa sauti ya mtu anayegombea kiti, na kwa kasi hiyohiyo akaendelea, "Kila asubuhi alimpikia mke wake chai..."

Akanitafuta kwa macho. Lakini chini ya mahema kila mtu alikuwa na kijitabu chake wazi, akifuata kwa kidole, na akina mama wa kanisani hawajui kuacha somo katikati. Wakamalizia kwa pamoja, "akampelekea kitandani." Mtu akacheka, wengine wakapiga makofi. Mama akainua uso, akatazama watu kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, na mimi nikalia bila kujificha.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikapika chai, nikampelekea kitandani. Alionja.

"Umepika vizuri," alisema. "Ya baba yako ilikuwa mbaya sana. Majani mengi, maziwa yameungua. Miaka hiyo yote nilikuwa namaliza kikombe."

Kisha akaiweka yangu chini, kikombe bado kimejaa, akageukia ukutani.