Maji Niliyochemsha Mpaka Nusu

Mjukuu wangu aligeuka buluu. Sisemi hivyo kwa kupamba. Midomo, kucha, ngozi ya kuzunguka macho, vyote vilikuwa na rangi ya zambarau. Muuguzi wa hospitali ya mjini alipomtoboa kisigino, damu ilitoka kama kahawa. Binti yangu akapiga kelele, "Mawe, mama wee! Hiyo ni damu gani?" Mtoto hakulia. Alifia mikononi mwangu wakiwa bado wanamwekea mpira wa hewa.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi niliishia darasa la nne, lakini haya nayajua.

Tunakaa bondeni, mbele ya Mwandiga ukitoka Kigoma. Binti yangu alipojifungua alipata jipu la titi, maziwa yakakauka, tukaanza maziwa ya kopo, ya unga wa kukoroga kwa maji. Nyumbani kwetu maji ya kichanga ni kazi ya bibi. Yana sufuria yake, na hakuna mwingine anayeigusa. Kliniki walisema tuchemshe, nami nikazidisha. Niliyaacha yatokote mpaka yabaki nusu, ndipo niyaamini. Wanawake kisimani walinitania.

"Wee bibi, huyo mjukuu unampikia maji au maharage?"

"Maharage, na ninyi siwagawii!"

Tukacheka.

Juu ya kisima, kwenye mteremko, mtu mmoja wa mjini analima kabichi. Kila msimu anamwaga yuria, ile mbolea nyeupe ya punje, na magunia yanayobaki anayalaza nje mpaka mvua iyeyushe mbolea iliyomo. Bwana shamba akipita humwambia, "Ongeza, mzee, ardhi hii imechoka." Tulimlalamikia mwenyekiti wa kijiji kwamba maji ya mvua yanatiririka kutoka kule hadi kisimani. Akatujibu, "Mbolea si ndiyo inaotesha chakula? Itawadhuru nini?"

Daktari ndiye aliyenieleza. Aliniuliza, "Mama, maji mnachota wapi?"

"Kisimani. Lakini nachemsha, baba! Nachemsha mpaka yanabaki nusu."

Alivuta kiti, akakaa karibu nami. Kisha akasema mbolea huzama ardhini ikafika kwenye maji, huko inaitwa naitreti, na haifi kwa moto. "Ni kama chumvi kwenye mchuzi. Ukizidi kuchemsha, inakolea." Mtu mzima huistahimili. Kichanga, damu yake hushindwa kubeba hewa.

Nimeliwaza hilo mara nyingi nikipalilia mihogo. Wadudu ningewaua. Uchafu ningeuona. Kitu hiki hakina rangi wala harufu, na kadiri nilivyompenda yule mtoto ndivyo nilivyokikoleza. Lakini sijilaumu, na asinilaumu mtu. Mimi nilifanya nililofundishwa. Mwenyekiti aliambiwa, akapuuza.

Baada ya mazishi nilimfuata mwenyekiti.

"Pole, mama. Lakini mbona sote tunakunywa maji yale na tu wazima?"

"Wewe una ndevu, mwenyekiti. Mjukuu wangu hakuwa hata na jino."

Kisima bado kinachotwa. Magunia bado yamelala kule juu. Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna mjamzito, na mimba imeshuka, siku zake za kujifungua zimekaribia. Basi namtaja mwenye kabichi, namtaja bwana shamba, namtaja mwenyekiti: itisheni mkutano wa kijiji, msimame mbele ya binti yangu, mmwambie ni nani kati yenu aliyemuua mtoto wake.