Nyar Lambwe wa kwenye ule wimbo ni nani? Mimi ndiye niliyeuza hiyo kanda Migori

Wakuu, salamu kutoka Migori.

Juzi kuna member hapa alipandisha ule wimbo wa benga wa miaka ya tisini, ule wa nyar Lambwe na samaki, akauliza kama huyo mwanamke alikuwepo kweli au mwimbaji alijitungia tu. Nikaona watu wanajibu kwa kubahatisha. Mmoja akasema alikuwa mchumba wake. Mwingine akasema ni jina la basi.

Nimevumilia, nimeshindwa.

Nitaeleza nilichoona kwa macho yangu, na pale nilipoambiwa tu nitasema niliambiwa. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, kwa hivyo walimu wa ngeli mnisamehe mapema.

Miaka hiyo nilikuwa na kibanda cha kanda nyuma ya soko la Migori. Vijana, muziki ulikaa kwenye kanda kabla ya hizi link zenu. Benga niliitoa Kisumu. Rumba ya Wakongo ililetwa na madereva wa malori. Muziki wa dansi wa Tanzania uliingia kupitia mpakani Isebania bila kuulizwa na mtu.

Mteja akitafuta wimbo asioujua jina, ananiimbia kipande, mimi namtafutia. Wengine waliimba vibaya hadi unawaonea huruma, lakini wimbo niliupata.

Kulia kwa kibanda changu kulikuwa na hoteli ya Waya. Waya ni shangazi, dada ya baba yangu. Msifikirie hoteli ya vyumba. Ilikuwa mabati, mabenchi mawili na sufuria ya ngege kutoka Homa Bay, samaki aliyepikwa akapikika.

Kushoto kulikuwa na hoteli ya Min Otis, yaani mama ya Otis. Huyo alikuwa na watoto sita, Otis akiwa kifungua mimba. Yeye pia alipika ngege.

Wote wawili walizaliwa bonde la Lambwe wakaolewa Migori. Sasa hapa someni polepole. Kwetu mwanamke akiolewa huitwa kwa kule alikotoka: nyar Lambwe, binti wa Lambwe. Akishazaa, jina la mtoto linafunika hilo. Anakuwa Min fulani, na mambo yanaishia hapo.

Waya hakujaliwa mtoto. Kwa hivyo soko zima lilimwita nyar Lambwe, hata alipoanza kuota mvi.

Basi, kuna mpiga gita mmoja, sisi humwita mtu wa kazi hiyo jathum, na mimi nitamwita Jathum hivyo hivyo kwa sababu watoto wake wako mitandaoni na wana hasira. Gari la bendi yake liliharibika Migori. Wakati spea inangojwa kutoka Kisumu, vijana wake wakawa wanakula huku na kule.

Waya aliapa kuwa walikula kwake. Min Otis aliapa kuwa walikula kwake. Mimi niliwaona wakila kwa wote wawili, na nikawaona pia kwa mama wa chapati, lakini huyo hakuna aliyemuuliza.

Mwaka uliofuata kanda mpya ikatoka. Niliiweka kwenye redio asubuhi bila kujua chochote. Gita ikaingia tamu, besi ikafuata, halafu kwenye ubeti wa pili Jathum akamshukuru nyar Lambwe wa Migori, aliyemlisha samaki siku gari lilipomkataa.

Waya alikuwa anaosha sahani. Akaja na mikono yenye povu.

"Rudisha nyuma hiyo," akaniambia.

Nikarudisha.

"Tena."

Jioni betri zilikuwa zimekufa kabisa. Kesho yake nilizianika juani kama omena, wale dagaa wa ziwani, na Waya alikuwa anapita kuzigeuza.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilikuwa mfanyabiashara. Min Otis alikuja akanunua kanda hiyo hiyo. Akaisikiliza akiwa amesimama. Alipofika ubeti wa pili akaketi chini, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa Waya, "Ni mimi huyo."

Wakuu, vita ikaanza.

Waya akaandikisha kibao: NYAR LAMBWE HOTEL. Min Otis akajibu na chake: NYAR LAMBWE ORIGINAL. Waya akaongeza kwa chaki: WA KWENYE KANDA. Fundi wa vibao alikuwa mtu mwenye furaha sana msimu huo.

Halafu redio. Kila mmoja alipiga wimbo huo kutoka asubuhi, sauti hadi mwisho. Shida ni kwamba hawakuanza pamoja. Ukikaa kwenye kibanda changu, sikio la kulia linasikia ubeti wa pili, la kushoto liko kwenye ubeti wa kwanza, na betri za Min Otis zikichoka Jathum anaimba kama mtu mwenye usingizi. Niliuza kanda nyingi za nyimbo nyingine kwa watu waliotaka tu kusahau hiyo.

Waya aliponinyima samaki ndipo nilijua mambo ni mazito. Kosa langu lilikuwa kumuuzia adui. Nilikula chapati mpaka nikachoka, ndipo nikaenda kumsihi.

"Waya, muachie tu huyo mama huu wimbo. Wewe kila mtu tayari anakuita nyar Lambwe."

Hakukasirika. Alikuwa anachambua mboga, na aliendelea kuchambua.

"Wananiita hivyo kwa sababu hakuna kingine cha kuniita," akasema. "Unafikiri mimi sijui? Ni kama kusema, yule hana mtu. Lakini kwa kanda inasemwa vizuri. Yule mama ako na Otis. Mimi niko na hiyo wimbo tu."

Nilisaidia kuchambua mboga.

Sasa, Jathum akatangazwa kuja Migori. Jumapili mchana, kwenye uwanja wa baa moja karibu na daraja. Soko lote lilijua kuwa siku hiyo kesi itaamuliwa.

Waya alivaa gauni la kijani ambalo huvaa harusini. Min Otis alikuja na watoto wote sita wamepakwa mafuta. Kila mmoja alibeba sahani iliyofunikwa, kwa sababu mwenye baa alikuwa ametoa wazo kuwa Jathum aonje, ulimi wenyewe utakumbuka.

Jathum akaketi. Akala samaki wa Waya hadi mifupa. Akala wa Min Otis hadi mifupa. Akaomba ugali iongezwe. Watu tulisimama tunamwangalia mtu akila, na hakuna aliyeona ni ajabu.

Alipomaliza akanawa, akasema, "Mama zangu, ile wiki nilikuwa na njaa mbaya. Nilikula kila mahali. Nikifika studio nilikumbuka tu kwamba aliyenilisha ni nyar Lambwe. Sura ilipotea."

Kisha akachukua gita akaanza kupiga, kama mtu anayekimbia swali. Watu wakacheka. Waya hakucheka. Alianza kukunja kitambaa cha sahani yake, polepole, na niliumia kumwona.

Hapo Min Otis akainua mkono.

Kwetu kuna kitu kinaitwa pakruok. Muziki ukiwa unapigwa, mtu anawatuza wapigaji kitu kidogo, bendi inanyamaza, anajisifu na kuwasifu marafiki zake, halafu muziki unaendelea. Gita ikanyamaza. Nilijua sasa tutasikia matusi.

"Mimi naitwa Min Otis," akasema. "Tangu huyu kijana azaliwe, hakuna mtu ameniita jina ingine. Hata baba yake. Nikisikia hiyo kanda, nikasema, kumbe kuna mtu anakumbuka nilikuwa msichana wa mahali. Ni hiyo tu."

Akarudi kuketi.

Waya aliacha kitambaa. Alimwangalia yule mama muda mrefu, jirani yake wa miaka yote hiyo, kama aliyeletwa jana.

"Sasa ukiwa nyar Lambwe," akamuuliza, "Otis atabaki na nani?"

"Chukua wewe. Mimi nipatie wimbo."

"Anakula?"

"Sana. Nakuonya mbele ya watu."

Otis mwenyewe, mtoto wa sekondari mwenye shingo ndefu, alikuwa amesimama pembeni na soda. Hakuna aliyemuuliza maoni yake.

Waya akafungua pindo la leso, akatoa chake, akainua mkono.

"Jathum, piga tena," akasema. "Mimi ni Min Otis, rafiki ya nyar Lambwe. Samaki wake ni mzuri. Wangu ni mzuri zaidi. Endelea."

Wakuu, nilicheka na machozi yakanitoka, na hakukuwa na moshi karibu wa kusingizia.

Kesho yake Otis alifika kwa Waya saa ya chakula na sahani yake mwenyewe. Hakuacha kuja mpaka alipoenda kazi mbali, na akirudi likizo aliteremka kwanza pale. Waya sasa ni mzee. Otis ndiye alimnunulia simu, akamwekea ule wimbo ulie akipigiwa. Ukimpigia usikate haraka, maana huwa anangoja ubeti wa pili ndipo apokee.

Nilichojifunza ni kidogo. Tukipandisha nyimbo za zamani humu tunabishana gita ni la nani na studio ni ipi, na ni sawa. Lakini yale majina yanayotajwa katikati ya muziki yalikuwa ya watu, na mtu aliyetajwa alisimama mahali fulani na mikono yenye povu akisema rudisha nyuma.

Kama kuna wa kwenu ametajwa kwenye wimbo wowote, wa jana au wa enzi hizo, shusha hapa chini tumjue. Wa mama wa chapati pia nawasubiri.

Na member uliyeuliza, jibu lako ni hili: nyar Lambwe wa kwenye wimbo ni yule mwenye watoto sita, walikubaliana wenyewe nikiwa nasikia. Ukitaka kuhakikisha, njoo soko la Migori uulize kwa Min Otis ni wapi. Watakuuliza kwanza, Min Otis yupi.