Mama Ndiye Aliyechora, Lakini Kitabu Kinamsifu Baba

Admin, nifichie jina kabisa, maana ndugu zangu wengi wako hapa ndani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Ruring'u na mama yangu, na niko na binti mmoja wa miaka minane. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Baba yetu, marehemu, alikuwa mchoraji. Alichora mabango ya maduka na kuta za makanisa kutoka hapa Nyeri mpaka Murang'a. Kile watu hawakujua ni kwamba pombe ilimharibu mikono. Nikiwa darasa la tano, hangeweza kushika brashi bila kutetemeka. Kazi zilizidi kuja, na aliyezifanya ni mama. Alichora yeye, halafu pale chini akaandika jina la baba. Ile picha kubwa ya wanawake wakichuma kahawa, ambayo watu hupigia picha pale kwa ukumbi wa kanisa, ni ya mama. Mimi na kaka yangu tulimshikia ngazi.

Mwaka huu kaka ametoa kitabu cha picha cha watoto kuhusu maisha ya baba. Shule ya binti yangu ikakinunua, naye akakileta nyumbani akamfungulia shosho yake, yaani mama yangu. Kila ukurasa ni baba: baba na ngazi, baba na rangi, baba akimaliza ile picha ya kahawa. Mama yuko mara moja tu, amebeba kikombe cha chai. Binti yangu akauliza, "Shosho, kwani wewe kazi yako ilikuwa kuleta chai?" Mama akacheka kidogo, akasema macho yamechoka, akaenda kulala na jua bado liko nje.

Nikampigia kaka. "Ulishika hiyo ngazi na mimi. Unadanganya watoto aje?"

"Hiki ni kitabu cha watoto," akasema. "Wanataka msanii mmoja. Ama niandike ati baba alikuwa mlevi?"

"Andika mama alikuwa msanii. Basi." Akakata simu.

Wiki iliyofuata alialikwa shuleni kuwasomea watoto. Nikaenda, nikakaa nyuma na wazazi wengine. Alipofika ukurasa wa kahawa, nikasimama. "Hiyo picha ilichorwa na mama yetu! Baba alikuwa mlevi, hata brashi hangeweza kushika!" Mwalimu akaniomba nitoke nje. Kumwaibisha kaka sijuti hata kidogo. Najuta tu kwamba binti yangu alikuwa amekaa mbele, na alilia.

Nilidhani mama atafurahi. Alinigombeza vile hajawahi kunigombeza. "Nani alikutuma? Nimemfichia huyo mzee aibu miaka yote hiyo, wewe unaenda kuianika mbele ya watoto?" Nikamuuliza kama haoni ameibiwa. Akaniangalia. "Naona. Lakini aliyeibiwa ni mimi, si wewe."

Sasa kaka anataka kukichapisha tena. Anasema ataongeza mama kwa ile picha ya kahawa, na maneno yatakuwa "akisaidiwa na mkewe". Hata hayo matatu ameyawekea sharti: nimwombe msamaha mbele ya wajomba na mashangazi, hapa kwetu, Jumamosi. Mama ameshakubali, anataka watoto wake waongee. Mimi saa hii namchukia huyo mtu, hata sauti yake sitaki kusikia. Nikiomba msamaha, nimekubali mbele ya ukoo wote kwamba mama alikuwa msaidizi. Nikikataa, mama atabaki na kile kikombe, na sidhani atanisamehe.

Wale mmekosana na ndugu wa tumbo moja hivi, mngefanya nini? Niambieni kabla ya Jumamosi. Na tafadhali, msiniambie ati nisali tu.