Diapazo ya Baba

Mimi kukaa siwezi. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama, na mume wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alinunua viti sita vya sebuleni na bado anasubiri anione kwenye kimoja. Basi fikirini wenyewe siku ya tamasha ninavyokuwa.

Jumapili ile ya Agosti tamasha lilipangwa saa tisa alasiri. Kufika saa sita nilikuwa nimeshatoka uwanja wa parokia hadi langoni, na langoni hadi uwanjani, mpaka mlinzi akachoka kunisalimu. Nilipanga viti vilivyokuwa vimeshapangwa. Nikawapanga akina mama wa sauti ya kwanza, nikawapangua, nikawapanga tena vilevile. Mmoja wao, tuliyeanza kuimba naye tukiwa wasichana, akanishika mkono.

"Maestro, uko natafuta nani?"

"Siko natafuta muntu."

"Basi ule muntu hautafute, akikuya tumuikalishe wapi?"

Alijua, na kwaya nzima ilijua. Nilikuwa namtafuta baba yangu.

Haya yalitokea Kenya, ila Kenya hii si nchi. Ni mtaa wetu wa Lubumbashi, wenye soko, karakana za kuchomea vyuma, pikipiki zisizokwisha na kanisa karibu kila kona. Baba alifanya kazi ya reli maisha yake yote, miaka mingi akiwa kule Sakania mpakani, na aliporudi akaanzisha kwaya ya parokia. Matamasha ya bure pia ni yake. Zamani watu waliingia kwa tiketi, na nusu ya mtaa ikawa inasikilizia nje ya ukuta. Baba akasema ikiwa watasikia vyovyote vile, afadhali wasikie wakiwa wamekaa. Tangu hapo lango huachwa wazi. Anaingia Mkatoliki, anaingia wa makanisa ya uamsho, anaingia hata mlevi, mradi anyamaze.

Kifaa chake kilikuwa kimoja tu, kichuma chenye meno mawili kama uma wa mezani, tunachokiita diapazo. Alikigonga gotini kikalia, akakiweka sikioni, akanguruma kidogo, kisha akatugawia sauti za kuanzia: hii ya akina mama wa juu, hii ya walio chini yao, hii ya wanaume, hii ya besi. Kinanda hatukuwa nacho, wala spika. Na hatukupotea.

Halafu masikio yake yakaanza kumwacha, na mimi, msaidizi wake, nikawa wa kwanza kuona. Jumamosi moja kwenye mazoezi, miaka michache kabla ya tamasha lile, aliwakemea besi kwamba wamepotea. Hawakuwa wamepotea. Aliwarudisha mwanzo mara tatu, mara nne, watu wazima wenye wajukuu, mpaka wote wakawa wananitazama mimi. Hasira ikanipanda. Nikasema, mbele ya kwaya nzima:

"Papa, ikala. Uko napoteza bantu."

Neno hilo la kumwambia akae alilisikia.

Kwetu mzazi haambiwi na mtoto wake kwamba amekosea. Kuna njia. Babu na mjukuu ni watani. Mjukuu anaweza kumwambia babu yake kwamba amezeeka, kwamba ni kiziwi, kwamba hata majogoo wamegoma kumwamsha bure, na babu atacheka, na ndani ya kicheko ujumbe utakuwa umefika. Binti yangu anasoma chuo kikuu pale Kasapa na huja kula kwetu kila Jumapili. Kesho yake tu angekwenda, angemtania nkambo, yaani babu yake, na Baba angekabidhi kwaya kwa heshima zake zote. Nilitakiwa kungoja siku moja. Sikuweza.

Baba hakugomba. Aliitia diapazo kwenye mfuko wa shati, akachukua kofia yake, akatoka. Tangu siku hiyo akawa anasali misa ya alfajiri, ile isiyo na kwaya. Kusalimiana tulisalimiana, na sikukuu tulikula bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja, ila habari za kuimba hakuna aliyezigusa. Parokia ikapata kinanda cha umeme, nikawa natoa sauti za kuanzia pale. Mara mbili nilimtuma binti yangu akaichukue diapazo, nikisema ni mali ya kwaya. Mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Nikajiambia mzee ana kinyongo, na nikakifurahia kinyongo hicho kidogo, maana kilinifanya nijione si mkosaji peke yangu.

Mwaka ule, tamasha la Agosti lilipokaribia, uongo huo ukanishinda. Nilishona sare za kwaya, nikazifumua, nikazishona. Mwishowe nikamtuma tena binti yangu, safari hii aniombee msamaha na amwalike. Alirudi anajizuia kucheka.

"Nkambo anasema amesikia."

"Amesikia nini, na yeye hasikie?"

"Njo vile alisema, mama. Amesikia. Na anasema wee uko na miguu."

Niko nayo, tena hainipi raha. Hapo ndipo nilipoona nilivyovuruga mambo mara mbili: la kutuma nililibeba mwenyewe, na la kubeba mwenyewe nikalituma. Wiki ile nilitembea mara tatu hadi kona ya barabara yake, na mara tatu nikageuza. Kila mara nilikuwa na sababu. Moja ilikuwa mvua, na ilikuwa Agosti, wakati Lubumbashi haina mvua hata ya dawa.

Saa tisa uwanja ulijaa. Walikuja mafundi na vumbi lao, akina mama waliofunga biashara mapema, watu waliokuwa wanapita tu wakasimama. Nilitazama lango. Tuliimba wimbo wa kwanza, ukaenda vizuri. Nikatazama lango tena. Katikati ya wimbo wa pili umeme ukaondoka. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Uwanja mzima uliguna mara moja na ukabaki umekaa. Lakini kinanda kilikufa, na jenereta ya parokia tulikuwa tumeiazimisha kwenye kilio cha msiba, barabara ya pili.

Nikatoa sauti ya kuanzia kwa mdomo wangu. Kwaya yangu inanijua: nikihangaika, sauti yangu hupanda bila mimi kujua. Waliipokea hivyohivyo kwa utii. Tulipofika kwenye kiitikio akina mama wa juu walikuwa wamenyoosha shingo na hakuna kilichotoka. Nikasimamisha kwa mkono. Watu wakatupigia makofi, yale anayopigiwa mtoto aliyeanguka akijifunza kutembea. Nikaanza upya, juu zaidi. Tukavunjika tena, na safari hii makofi yalikuwa machache.

Nikageuka, aibu imenijaa, nikatazama lango kwa sababu sikuwa na kwingine pa kutazama. Alikuwa pale. Alisimama nyuma ya mwanamke anayeuza mikate ya kukaanga, kofia kichwani, katika shati lake la misa. Diapazo ilikuwa mkononi. Aliigonga gotini kama zamani, ila hakuiweka sikioni. Alikandamiza kishina chake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho, na midomo yake ikatikisika.

Alikuwa anasikia. Miaka yote nilidhani ameking'ang'ania kichuma kwa hasira, kumbe ndicho kitu pekee kilichobaki kumwimbia. Nami nilikuwa nikimtuma mtoto akamnyang'anye.

Niliiacha kwaya imesimama nikashuka. Watu wakanipisha wakidhani nakimbia. Mbele ya Baba nilipiga magoti mavumbini, nikapiga viganja taratibu, kama anavyoamkiwa mzazi.

"Papa, nilikosa," nikasema.

"Unasema nini?"

Nikasogea. "Nilikosa."

Akatikisa kichwa, akaonyesha sikio lake. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya chini, ya watu wawili. Kwa mtu aliyepoteza masikio, maneno ya chini hayapo. Nikavuta pumzi hadi tumboni, kama yeye alivyonifundisha, nikapaza sauti:

"Papa, nilikosa! Nilikuambia uikale mbele ya bantu. Nilikosa!"

Muuza mikate aliacha kugeuza mikate yake. Baba akanitazama, kisha akatazama watu wote wale, na nikaona pembe ya mdomo wake.

"Sema tena," akasema. "Bale ba nyuma habakusikia."

Nikasema tena. Nilikuwa nalia na nacheka, na watu walicheka pia, na mtu fulani kwenye kundi la besi alipiga mluzi. Baba alinishika bega nikainuka. Hakunipa diapazo. Aliigonga gotini, akaikandamiza nyuma ya sikio langu mwenyewe, na sauti ikaniingia kichwani kupitia mfupa, safi, chini kabisa ya pale nilipokuwa nikiitafuta.

"Ku masikio siko nasikia tena," akaniambia. "Paka ku mufupa tu. Njo maana sikukupatia diapazo."

"Nimeelewa, Papa."

"Basi enda nayo. Usikimbie, utaimwanga."

Nikaenda nayo sauti ile. Niliinguruma mdomoni, nimefunga midomo, nikipita katikati ya watu hatua moja moja, kama mtu aliyebeba beseni la maji lililojaa. Sijawahi kutembea polepole namna ile, wala siku ya harusi yangu. Nilipofika mbele ya kwaya niliwagawia: juu, chini yao, wanaume, besi. Wakaipokea. Tukaimba wimbo wote bila kinanda, kiitikio kikakaa mahali pake, na watu walisimama bila kuambiwa.

Baba hakusikia hata neno. Nilimwona kule langoni akigonga kile kichuma tena na tena, anakirudisha kwenye mfupa, macho yake kwenye midomo yetu. Tulipomaliza aliniuliza kama ilikuwa nzuri, nikampigia kelele kwamba ilikuwa nzuri, naye akaniamini.

Sasa, hata siku umeme upo, kinanda hakianzishi tamasha. Kwaya inajipanga, watu wananyamaza, na mimi nashuka hadi langoni kuifuata sauti, halafu narudi nayo polepole. Mtaa umeshazoea, wengine wanadhani ni ibada. Kukaa bado siwezi. Kila Jumapili ya tamasha, tangu asubuhi, naenda langoni na kurudi, na yule rafiki yangu wa sauti ya kwanza haniulizi tena namtafuta nani. Mwezi uliopita Baba alichelewa nusu saa kwa sababu ya goti, lile analogongea. Watu walikuwa wamekaa, kwaya imesimama, wote wananitazama. Sikutoa sauti ya kuanzia. Safari hii nilingoja.