Mkeka Ulioelekea Jikoni

Juzi mjukuu wangu alinisomea gazeti: wataalamu walikosea umri wa ulimwengu, sasa wametoa mwingine. Hata samahani hawakuomba! Papo hapo nikanusa mafuta ya nazi ya bibi yangu, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni nyumbani kwetu Mji wa Kale.

Mchana ule mjomba, karani wa bandarini, alitwambia kwamba dunia ni tufe na yazunguka bila kusimama. Alisema kwa uhakika, mdomo umejaa halua. Adhana ya alasiri ilipolia nikamtandikia bibi mkeka wa kuswalia ukaelekea jikoni, kwa kuwa niliamini tangu adhuhuri Makka imeshasogea.

Bibi alirudi kutoka kutawadha, akashtuka. "Nani alokwambia Makka imehama?"

"Mjomba, bibi. Dunia yazunguka."

"Yeye ameiona ikizunguka?"

Mjomba akameza halua. "Wazungu wameshahakikisha, mama."

"Basi na wahakikishe tena!" Bibi akaugeuza mkeka kibla.

Leo najua dunia huzunguka pamoja na Makka yake. Lakini hawa wanaouhamisha mwanzo wa ulimwengu kila wapatapo darubini mpya, wasinicheke nikiuliza nani aliyeuona. Mimi nilikosea kibla nikiwa mtoto. Wao ni watu wazima.