Pumzi ya Jiko

Juzi nilimwona jirani yangu hapa Kismayo akitoboa debe kwa msumari ili alifanye jiko, nikakumbuka alasiri moja kisiwani kwetu Chovae.

Bibi yangu alikuwa mgonjwa wa kifua, na nyumba yetu ilikuwa ya chumba kimoja. Kuni za mkoko zilitoa moshi mzito wenye harufu ya chumvi, naye akikohoa kutwa. Siku hiyo mama alichukua msumari wa chombo cha baharini, akaanza kulitoboa jiko letu la udongo, chini kabisa karibu na sakafu.

"Utalipasua, mama," nilisema kwa hofu.

"Wacha lipate pumzi," alijibu.

Alipowasha, moto ulivuma na moshi ukapungua hata nikayaona makuti ya paa. Kisha nikatambua kwamba bibi hakohoi tena. Sikujua habari za hewa na moto. Niliamini mama ameichukua pumzi ya bibi akalipatia jiko.

Nilimwendea bibi nikilia, nikamwekea mkono kifuani. Kifua kilipanda, kikashuka.

"Mbona walia, mjukuu wangu?" aliniuliza, macho ameyafumba. "Niache nilale. Tangu Ramadhani sijapata usingizi wa mchana."