Ndoa ya Modesta na Kizazi cha Malkia

Ndoa ya binti yangu Modesta imesimama, inasubiri kizazi cha ng'ombe kipone. Si fumbo, ndivyo ilivyo, na aliyesababisha ni mimi baba yake, katibu wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Kwihara, mtu mwenye daftari, kalamu mbili na mwandiko mzuri. Kijiji kizima kinaijua aibu hii, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, maana wengine wanaongeza chumvi (wapo wanaosema nililia, sikulia, ulikuwa moshi wa jikoni).

Malkia ni ng'ombe wangu pekee wa maziwa. Alipozaa, kondo la nyuma halikutoka lote, na siku chache baadaye akaanza kutokwa na uchafu wa rangi ya udongo, wenye harufu iliyokuwa inafika barabarani kabla yangu. Homa ikapanda, maziwa yakapungua. Dokta Shija wa mifugo akaja na glavu yake ndefu ya kufika begani, akapima, akasema kizazi kimeshambuliwa na bakteria. Akachoma sindano ya antibiotiki Jumatatu, akarudia Jumanne, akasema ya tatu na ya mwisho ni Jumatano, na maziwa yote yamwagwe mpaka atakaporuhusu yeye.

Nikamfunga Malkia kitambaa chekundu kwenye pembe. Hiyo ni kanuni ya kikundi, na niliiandika mimi: ng'ombe aliyechomwa sindano anavaa chekundu, na maziwa yake hayanywewi. Mwaka jana jirani yangu Mama Kulwa alisahau kukifunga, nami nikamsimamisha mkutanoni nikamsomea kanuni nzima, pamoja na nukta zake. Mkumbukeni huyo mama, atarudi.

Sasa, Jumamosi ya wiki hiyo hiyo wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Tura kutaja ng'ombe wa mahari, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilikuwa nimewaahidi mtindi wa Malkia, si wa dukani wala wa jirani. Jumatano asubuhi nikatumia akili zangu nyingi: sindano ya tatu ikichomwa, dawa inaongezeka kwenye maziwa, isipochomwa, inapungua, na hiyo itakayobaki, si tutachemsha? Nikampigia daktari.

“Dokta, usijisumbue, ameshapona. Anakula kuliko mimi.”

“Kula siyo kupona, katibu. Dozi haijaisha.”

“Ikibidi nitakuita,” nikasema, kwa sauti ile ya mtu mwenye daftari.

Mke wangu alisema maneno machache tu: “Baba Modesta, tuchukue maziwa kwa Mama Kulwa.” Nikamuuliza amewahi kuona wapi katibu akaenda na ndoo kwa mtu aliyemsomea kanuni. Nikakifungua kile kitambaa, nikakitia mfukoni mwa suruali yangu ya sherehe iliyokuwa imeanikwa kambani, mahali ambapo hakuna ambaye angekiona.

Alhamisi tukachemsha maziwa, yakapoa, tukatia mtindi kidogo wa zamani ili yagande, tukafunika. Ijumaa yalikuwa maziwa. Jumamosi asubuhi yalikuwa maziwa yenye harufu.

“Hayajaganda,” mke wangu akasema.

“Yanaganda taratibu. Ni ya ng'ombe wa kisasa.”

Wageni wakashuka kwenye bajaji mbili kutoka stesheni. Kwihara imepokea misafara tangu enzi za pembe za ndovu, lakini sidhani kama kuna mwenyeji aliyewahi kuukaribisha msafara kwa kikombe kama kile. Nikampa shikamoo Mzee Kaseko, baba mkubwa wa kijana, naye akaitikia marahaba, akapokea kikombe, akanywa, akameza kama mtu anayemeza dawa (na kwa kweli alikuwa anameza dawa).

“Baba Modesta, hiki ni nini?”

“Mtindi, mzee.”

“Mtindi unakaa mdomoni kidogo. Huu unakimbia.” Akakizungusha kikombe. “Ng'ombe huyu amechomwa sindano lini?”

Nilichokuwa sijauliza, mimi mpenda kuuliza, ni kwamba mzee huyu amestaafu kazi ya bwana mifugo. Akawaeleza wote, taratibu kama yuko darasani, kwamba dawa inayoua wadudu wa kwenye kizazi inaua na wale wanaogandisha maziwa, na kwamba kuchemsha hakuiondoi.

“Hajachomwa, mzee,” nikasema. Jasho likanitoka, nikatia mkono mfukoni, nikatoa kitambaa nijifute uso. Chekundu. Kinanuka zizi.

Kutoka kwenye sufuria za pilau, Mama Kulwa akasimama na mwiko wake mkononi. “Jamani, katibu! Kumbe umechomwa wewe?”

Wapishi wakacheka, wakwe wakacheka, na mke wangu akageukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Mzee Kaseko hakucheka. Akaomba kumwona ng'ombe, akainua mkia, akaurudisha polepole.

“Sisi tumekuja kutaja ng'ombe,” akasema. “Ng'ombe wa ukoo, tumewalea wenyewe. Ndio tuwalete kwenye zizi hili?” Akafunga mlango wa zizi. “Binti hatuna neno naye. Huyu akipona, daktari wenu akathibitisha, tutarudi. Asipopona, tutakaa tuongee upya.”

Pilau walikula, nisiwasingizie. Wakaaga kwa heshima zote, wakaondoka bila kutaja hata mkia.

“Baba,” Modesta akaniambia huku anakusanya vikombe vilivyojaa, “wenzangu wanasubiri majibu ya chuo. Mimi nasubiri majibu ya ng'ombe.”

Dozi ilianza upya, sindano zote, na maziwa tukayamwaga mpaka daktari aliporuhusu. Kitambaa alikuja kukifunga Mama Kulwa mwenyewe, kwa sababu kikundi kimemkabidhi kazi hiyo na mimi nimebakiwa na mwandiko. Nimeapa: dozi yoyote itakayoanza nyumbani kwangu itamalizika, hata kama mgeni ni Baba Askofu.

Dokta Shija alisema tusubiri Malkia aingie joto, yaani atake dume, tuangalie ute: ukiwa safi kama ute wa yai, amepona, ukiwa na usaha, bado. Jana asubuhi Malkia akalia, na Modesta ndiye aliyetangulia zizini. Ute ulikuwa unaning'inia, mrefu, unang'aa, na katikati yake kulikuwa na kidoa kimoja cheupe, kama punje ya mchele. Mke wangu anasema ni pumba. Modesta amerudi zizini kuangalia tena. Daktari anakuja kesho, na Mzee Kaseko ameshapiga simu mara mbili.